Waziri mkuu wa jimbo Ujerumani si gavana

Kila jimbo la Ujerumani likifanya uchaguzi, habari zetu hujaa "gavana wa Thuringia", "gavana wa Bavaria". Huko hakuna gavana. Mkuu wa serikali ya jimbo ni waziri mkuu wa jimbo. Huchaguliwa na wabunge wa jimbo, na kansela, mkuu wa serikali ya Ujerumani nzima, hawezi kumteua wala kumfukuza. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Wengi hukubali haya, kisha wanauliza: si kazi ni ile ile? Hapana. Gavana wa Kenya akishapigiwa kura na wananchi, kiti ni chake. Huyu wa Ujerumani chama chake kinaweza kuongoza kwa kura na yeye akakosa kiti.

Mtazame Bodo Ramelow. Ni mzaliwa wa Ujerumani Magharibi, mtu wa vyama vya wafanyakazi, aliyehamia Thuringia mwaka 1990, wakati jimbo lenyewe linafufuliwa. Ujerumani Mashariki, ambako Thuringia ilikuwemo, ilikuwa imeyavunja majimbo yake tangu 1952. Aliingia bunge la jimbo mwaka 1999, na Desemba 2014 akawa waziri mkuu wa jimbo wa kwanza kutoka Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto.

Uchaguzi wa 2019 chama chake kiliongoza, lakini yeye na washirika wake hawakufikisha nusu ya wabunge. Tarehe 5 Februari 2020 bunge likapiga kura ya siri. Duru mbili zikapita bila mshindi. Ya tatu, kura 45 kwa 44, akashinda Thomas Kemmerich wa FDP, chama cha kiliberali kilichopenya bungeni kwa chupuchupu, kikiwa na viti 5 tu! AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, walikuwa na mgombea wao. Duru hiyo hakupata hata kura moja, kwa hiyo kila mtu alijua kura za AfD zimekwenda kwa Kemmerich. Nchi nzima ikapiga kelele. Siku 3 baadaye Kemmerich akajiuzulu, na tarehe 4 Machi wabunge wale wale wakamrudisha Ramelow.

Desemba 2024 Ramelow alimpisha Mario Voigt wa CDU, chama cha kihafidhina, naye pia kwa kura za wabunge. Basi ukimwandika Voigt, "waziri mkuu wa Thuringia" inatosha. Ila jina la jimbo usiliache, msomaji asije akadhani kansela kapinduliwa.