Deraya za Filamu: Kusoma Alama za Mafundi, Kutoka Kwenye Kalibu Hadi Kwenye Kamera

Deraya ya filamu, yaani vazi la kivita la mwigizaji, haibaki kama ilivyotoka karakana. Hutobolewa, hukatwa ukingo ili mwigizaji aweze kukaa, hupakwa rangi upya, hufungwa lastiki nyingine. Baadaye waandaaji wa maonyesho na wamiliki nao huongeza alama zao. Anayetaka kujua ni mabadiliko yapi yalifanywa wakati wa utayarishaji wa filamu anapaswa kujiuliza swali moja kila mara: alama hii iko juu ya ipi, na chini ya ipi?

Mfano mzuri ni deraya nyeupe za askari wa Star Wars, filamu ya 1977. Umbo lilifinyangwa kwa udongo nchini Uingereza, kalibu (maumbo magumu ya kutolea nakala) zikatengenezwa, kisha karatasi za plastiki zikapashwa moto hadi zikalegea na kuvutwa juu ya kalibu kwa kunyonya hewa. Fundi Andrew Ainsworth alitengeneza kofia 50 za filamu hiyo, kama ilivyoelezwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya 2011. Kofia nyingi zilikuwa za plastiki ya polietilini yenye rangi ya kaki, zikapakwa nyeupe. Chache, za kupigwa picha kwa karibu, zilikuwa za plastiki iitwayo ABS, ambayo ilikuwa nyeupe yenyewe.

Tofauti hiyo ya plastiki ni muhimu sana. Rangi haishiki vizuri kwenye polietilini. Hubanduka kwa vipande, na kaki huonekana. Kwa hiyo tabaka la pili la rangi juu ya polietilini halishangazi, na peke yake halithibitishi udanganyifu. ABS nayo hugeuka manjano kwa mwanga. Sehemu iliyobaki nyeupe chini ya kamba au stika inaonyesha kuwa kitu hicho kilikaa hapo muda mrefu, hata kama leo hakipo.

Kabla ya kupima chochote, tenganisha alama za kalibu na alama za mkono. Kinundu au kutolingana kwa pande mbili za kofia kulikotoka kwenye kalibu kutakuwa kwenye kila nakala, hivyo hakutambulishi kofia moja. Mkato wa ukingo, mahali pa shimo na mistari iliyochorwa kwa brashi ni vya kipande kimoja tu. Hivyo ndivyo vya kutafuta.

Mashimo yanastahili muda mrefu kuliko kitu kingine. Tumia kioo kinachokuza mara 10 na tochi iliyolazwa karibu na uso wa plastiki, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15. Rangi ikiwa imeingia na kufunika ukuta wa shimo, shimo lilitangulia rangi. Ukingo wa rangi ukiwa umemeguka na plastiki ya ndani iko wazi, shimo lilikuja baadaye. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo) alama ya duara iliyoachwa na kichwa cha skrubu: duara mbili za vipenyo tofauti zinaonyesha kuwa skrubu ilibadilishwa. Usitegemee skrubu yenyewe, maana hubadilishwa kwa dakika moja. Kwenye ABS, weupe na nyufa ndogo kuzunguka shimo huonyesha kuwa kamba ilivutwa kwa nguvu, jambo la kawaida kwa vazi lililovaliwa kazini. Shimo lililozibwa hujitokeza ukiweka tochi ndani ya kofia kwenye chumba chenye giza: kizibo huonekana kama doa jeusi pale plastiki ni nyembamba.

Taa ya urujuanimno ya nanomita 365 husaidia kutenga gundi na rangi za viraka, kwa sababu hung'aa tofauti. Lakini taa hiyo husema tu kuwa vitu viwili ni tofauti, haisemi umri. Iwashe kwa muda mfupi.

Kisha ndipo ufungue picha za filamu. Tafuta angalau alama tatu za mkono zinazoonekana katika fremu moja, na chunguza kama picha imegeuzwa kushoto-kulia. Deraya hizi zina bamba la goti upande wa kushoto. Likionekana kulia, picha imepinduliwa. Picha za matangazo zisichukuliwe kuwa ushahidi wa tukio fulani la filamu, kwani huenda zilipigwa siku nyingine, baada ya kofia kurekebishwa.

Mtego mkubwa ni nakala iliyofinyangwa kutoka kwenye kipande asili. Huja na alama zote sahihi, ila zimekuwa butu: mkwaruzo wenye kingo za mviringo, ufa usiofunguka, kichwa cha skrubu ambacho ni plastiki tupu. Plastiki inapovutwa juu ya umbo, unene wake hufunika ncha kali, na vipimo navyo huhama kidogo.

Usisafishe kabla ya kupiga picha, na usitumie asetoni kamwe: huyeyusha ABS. Vumbi lililo chini ya rangi ni ushahidi. Lastiki iliyokauka pia ni ushahidi. Iache mahali pake hata kama haishiki tena. Kila badiliko lipe namba, umbali wake kwa milimita kutoka ukingo usiokatwa, tabaka lililo juu na chini yake, na kiwango cha uhakika: hakika, huenda, au haijathibitishwa.