Kongoro, bamia na goti la shangazi: dhana potofu kuhusu kolajeni ya gegedu

Shangazi yangu ana miaka 64. Kila Jumamosi asubuhi hujikongoja hadi kibanda cha supu, akaagiza bakuli la kongoro na ndimu mbili. "Magoti yameisha ute, baba," huniambia. "Hii ndiyo grisi yake."

Sijawahi kumkataza. Supu ni chakula kizuri, na Jumamosi yake ni yake. Lakini naona ni haki yake, na ya kila anayeamka magoti yakimkaza, kujua kolajeni ya gotini, yaani protini ngumu kama kamba inayoshikilia tishu za mwili, hutengenezwa na nani na wapi.

"Kolajeni ya supu huenda moja kwa moja gotini"

Haifiki huko ikiwa kolajeni. Jikoni kwenyewe moto umeshaifumua ikawa jelatini, ile inayofanya supu iliyolala igande kama jeli. Tumboni na kwenye utumbo hukatwakatwa tena, ikaingia kwenye damu ikiwa asidi amino, vile vijenzi vidogo vya protini, pamoja na vipande vifupi sana. Damu huvisambaza mwili mzima: misuli, ini, ngozi, popote vinapohitajika. Tena kolajeni ya kongoro, inayotokana na kano na ngozi, nyingi ni ya aina ya I. Gegedu la goti, tabaka linaloteleza juu ya vichwa vya mifupa, limejengwa kwa aina ya II, iliyotambuliwa mwaka 1969 na Miller na Matukas walipochunguza gegedu la vifaranga.

Kuna jambo zaidi, na natamani lingeandikwa kwenye kila kopo la unga wa kolajeni. Kolajeni ina asidi amino ya pekee iitwayo haidroksiprolini. Ukiila, seli zako haziwezi kuitumia kujenga kolajeni mpya, kwa sababu hazina njia ya kuichomeka kwenye mnyororo wa asidi amino unaounda protini. Huanza na prolini ya kawaida, kisha huigeuza zenyewe baada ya mnyororo kuundwa. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba unga huo huwapunguzia maumivu kidogo baadhi ya watu, na nyingi zimefadhiliwa na watengenezaji. Nafuu ya maumivu ni jambo jema. Gegedu jipya ni habari nyingine kabisa.

"Bamia huongeza ute wa magoti"

Ute wa bamia ni wanga wa mmea. Ute wa goti hutolewa na utando laini unaozunguka kiungo. Vinafanana kwa kuteleza tu. Kula bamia kwa sababu ni mboga nzuri.

"Gegedu ni kitu kilichokufa, kama kucha"

Ukinunua mguu wa mbuzi, mwambie mwenye bucha aukate kwenye kiungo. Tazama kichwa cha mfupa: kimefunikwa na tabaka jeupe lenye rangi ya buluu kwa mbali, linalong'aa kama kauri iliyolowa. Pitisha kidole, utaona kinavyoteleza. Hilo ndilo gegedu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, ndiyo maana watu hulidhania limekufa. Lakini ukikata kipande chembamba ukakiweka chini ya hadubini, utaziona seli zimekaa kwenye vishimo vyake, moja hapa, mbili pale. Kwa mtu mzima seli hizo ni kama asilimia 2 tu ya ujazo wa gegedu la kiungo. Kilichobaki, yaani maji, kolajeni na molekuli zinazoshika maji, kimewekwa na kulindwa na hizo chache.

"Seli huitoa kolajeni ikiwa imekamilika"

Hapa ndipo penye utamu wote, na wengi hupapita mbio. Seli za gegedu, kitaalamu kondrosaiti, huunganisha asidi amino kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vifereji ulio ndani ya seli. Uzi mmoja una asidi amino zaidi ya 1,000. Karibu kila ya tatu ni glaisini, iliyo ndogo kuliko zote, na udogo huo ndio unaoiwezesha kukaa katikati ya msokoto wa nyuzi tatu, mahali ambapo nyingine haienei.

Kabla ya kusokota, vimeng'enya huigeuza sehemu ya prolini kuwa ile haidroksiprolini, kazi inayotaka madini ya chuma na vitamini C. Isipofanyika, msokoto hufumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, nasi miili yetu ina 37. Ndiyo maana mabaharia wa zamani wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, walifumuka makovu ya miaka mingi, na ndiyo maana machungwa na malimau ya daktari James Lind mwaka 1747 yaliwainua. Kwa hiyo katika mlo wa shangazi, ndimu ina kazi inayojulikana wazi kuliko kongoro.

Msokotaji wa kamba za usumba hufunga ncha kwanza. Seli nayo hivyohivyo: ncha za nyuzi tatu hushikana, kisha msokoto huendelea kutoka hapo. Kinachopatikana ni prokolajeni, kijiti kigumu chenye urefu wa nanomita 300. Vifuko vya kawaida vya kubebea protini ndani ya seli vina upana wa nanomita 60 hadi 90, kwa hiyo hakiingii. Protini iitwayo TANGO1 hukishika mlangoni na kusaidia kuupanua mlango wenyewe, ndipo kipite kwenda Golgi, kituo cha seli cha kufungasha protini, na hatimaye nje.

Kikitoka bado hakijakamilika. Kila mwisho wake una kipande cha ziada kinachozuia vijiti kushikamana. Nje ya seli vimeng'enya hukata vipande hivyo, vijiti vikajipanga kuwa nyuzi, kisha kimeng'enya kinachohitaji madini ya shaba huzifungamanisha. Mpangilio huu una sababu: kama ncha zingekatwa ndani, seli ingejijaza kamba yenyewe.

Wapo waliodhani kwamba seli hubandua tabaka lake la nje likageuka kolajeni. Mwaka 1963 Jean-Paul Revel na Elizabeth Hay waliwapa salamanda waliokuwa wakiotesha upya miguu iliyokatwa prolini yenye mnururisho hafifu, wakaifuata ndani ya seli za gegedu. Ilionekana kwenye retikulamu, kisha Golgi, kisha nje.

"Magoti ni kama tairi, ukiyatumia yanaisha"

Gegedu hupata chakula chake kwa kukandamizwa na kuachiwa, kama sponji inayokamuliwa na kunyonya tena. Kutembea kunalisha. Kinachoumiza ni jeraha, uzito uliozidi, na goti lililovimba au kunasa bila kupelekwa kwa daktari.

Ila ni kweli kwamba kolajeni hiyo haina badala ya haraka. Majaribio ya mabomu ya nyuklia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliongeza hewani kaboni-14, kaboni yenye mnururisho inayoingia mwilini kupitia chakula, na watafiti wa Denmark waliitumia kama kalenda. Mwaka 2016 waliripoti kwamba kolajeni ya gegedu la goti la mtu mzima karibu haibadilishwi kabisa. Kwa hiyo iliyomo gotini mwa shangazi ilisokotwa alipokuwa binti anayekua. Ndiyo hiyohiyo inayomfikisha kibandani kila Jumamosi na kumrudisha.