Meno kulika kwa vijana: maswali tunayoulizwa na wazazi

Binti yangu ana miaka 15. Meno hayajatoboka, lakini maji baridi yanamtia ganzi. Kwa nini?

Huenda yanalika. Jino hutoboka pale bakteria wanapokula sukari na kutoa asidi sehemu moja. Kulika ni jambo jingine: asidi ya chakula, kinywaji au tumbo inapita juu ya jino na kuondoa enameli, ile tabaka ngumu ya nje, kidogo kidogo. Tundu hulioni, ndiyo maana wengi huchelewa kushtuka. Tazama ncha za meno ya mbele: zikiwa nyembamba hadi mwanga unapenya, au magego yakiwa na vishimo vya mviringo, mpeleke kwa daktari wa meno. Rangi nayo huelekea njano, kwani dentini, tabaka iliyo chini ya enameli, inaanza kuonekana. Enameli iliyokwisha kuondoka haioti tena.

Ni soda tu?

Ingekuwa soda tu, kazi ingekuwa rahisi. Enameli huanza kupoteza madini pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi. Kola iko karibu na 2.5, vinywaji vya kuongeza nguvu huzunguka 3, na maji ya ndimu ni makali kuliko vyote hivyo. Soda isiyo na sukari haimsaidii mtu hapa, maana asidi yake imebaki palepale. Weka pia embe bichi la chumvi na pilipili, achari, juisi ya ukwaju, na ubuyu ambao mwanafunzi anaumung'unya kutoka kengele ya mapumziko hadi anafika nyumbani.

Binafsi sina ugomvi na ubuyu. Ugomvi wangu ni na huo muda. Mate hupunguza makali ya asidi na kurudisha sehemu ya madini, ila yanahitaji nafasi. Anayekunywa soda yake yote pamoja na chakula cha mchana huyapa meno pumziko. Anayeibeba chupa ileile na kupiga funda moja moja mchana kutwa hayapi. Kwa hiyo, kabla ya kumpigia marufuku, mwulize anakunywaje na mara ngapi. Usiku baada ya mswaki abaki na maji tu, kwa sababu mate hupungua sana mtu akilala.

Si apige mswaki mara tu baada ya vitu vichachu?

Hapana. Wakati huo uso wa jino umelainika na mswaki unaweza kuukwangua. Asukutue kwa maji, asubiri nusu saa hadi saa nzima, kisha atumie mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi.

Kuna wanaosugua meno kwa ndimu au mkaa ili yawe meupe.

Ndimu inalainisha, mkaa unakwangua; ukivitumia vyote unaharakisha kile unachokiogopa. Arusha na Kilimanjaro tatizo hili lina sura yake. Maji ya sehemu nyingi huko yana floraidi nyingi, na mtoto aliyeyanywa meno yakiwa bado yanaundwa huota meno yenye madoa ya kahawia. Akifika umri wa kujitazama kwenye kioo anaona aibu, anaanza kusugua. Madoa hayo yamo ndani ya enameli yenyewe, hayatoki kwa kusuguliwa. Daktari ana njia za kuyapunguza au kuyafunika.

Wangu hanywi soda wala hapendi vichachu, na bado meno yanalika.

Basi ulizeni kuhusu tumbo. Kiungulia cha mara kwa mara hupandisha asidi hadi kinywani. Kutapika mara nyingi hufanya hivyohivyo, na huonekana hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu. Wapo vijana, wasichana kwa wavulana, wanaojitapisha kwa hofu ya kunenepa. Ukihisi hivyo usimsute mbele ya ndugu zake. Kaa naye faraghani, kisha mtafutie msaada wa daktari. Wengine husaga meno usingizini. Dawa fulani, zikiwemo baadhi za mzio na za pumu, hukausha mate. Hata hivyo, mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta. Asukutue kinywa kwa maji kila akimaliza.

Daktari atafanya nini?

Atatafuta chanzo kwanza, kisha anaweza kupaka floraidi na kujazia sehemu zilizolika sana. Mwombe pia apige picha za meno hayo, ili mkirudi aweze kulinganisha na kuona kama yameacha kulika.