Macho Yanadanganya? Nani Kakwambia?

Kuna sentensi nikiisikia tena nitaanza kuitoza ada ya kumwona daktari: "Hata ninyi watu wa sayansi mnaishi kwa imani, maana macho yenyewe mnayaamini tu." Nimeshaisikia kijiweni kwenye kahawa na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Siku hizi anayeisema huja na ushahidi kabisa: doa pofu.

Doa pofu lipo, sibishi. Pale mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho, retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, haina seli za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alishalieleza tangu karne ya 17. Chora msalaba kwenye karatasi nyeupe, na nukta kuliani kwake, kama sentimita 8 hivi. Funga jicho la kushoto, ukodolee msalaba kwa la kulia, karatasi ikiwa kama sentimita 30 kutoka usoni, uisogeze na kuirudisha polepole. Nukta itatoweka. Tena huoni shimo jeusi mahali pake, unaona karatasi nyeupe. Piga mstari upite katikati ya nukta, urudie: mstari utauona mzima. Ubongo umejaziliza.

"Si umeona? Macho yanadanganya!"

Haya. Umejuaje kwamba nukta bado ipo? Umefungua jicho la pili. Umeigusa kwa kidole. Umesogeza karatasi. Kosa la jicho umelikamata kwa macho na mkono, halafu unaniambia macho na mkono havina ushahidi wowote! Ukimfukuza shahidi, ondoka na ushahidi wake pia.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo neno "mnayaamini tu". Njoo uone kipimo cha uwanja wa kuona. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine, anakodolea taa ya katikati, na kila akiona mwanga pembeni anabonyeza kitufe. Mashine haimwamini hata kidogo. Kuna wakati inanyamaza, haitoi mwanga wowote, ione kama atabonyeza. Wapo wanaobonyeza, maana wanataka kufaulu. Kuna wakati inatupa mwanga palepale kwenye doa pofu, mahali ambapo jicho lililotulia halipaswi kuuona. Akibonyeza, inahesabu kwamba jicho lilikuwa linazurura. Yaani kasoro ile ile mnayonitambia ndiyo tunayoitumia kumkagua shahidi. Majibu yakijaa makosa ya namna hiyo, kipimo kinarudiwa.

Na anayekosa mianga ya pembeni karibu yote mara nyingi ndiye aliyeingia akisema, "Mimi naona vizuri, daktari." Presha ya macho hula pembeni kimya kimya.

Wapo pia wanaoona visivyokuwepo. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye mtoto wa jicho aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo, na akijua fika kwamba si vya kweli. Wazee wa namna hiyo tunao kliniki. Wanaficha, wakihofia kuambiwa wamerogwa au akili imeruka. Bibi anamwona mtoto amesimama kando ya kabati, ananyoosha mkono, unapita patupu. Hasikii nyayo wala pumzi. Anaendelea kuchambua mchele wake. Sasa huyo anayaamini macho yake tu?

Ila kuna mahali nakwama. Hisi moja naweza kuikagua kwa nyingine. Zote kwa mkupuo nitazikagua kwa nini? Kwa akili? Nayo imelelewa na hisi hizo hizo. Hoja inazunguka, na sijaona aliyeikata. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alifika huko: kivuli huonekana kimesimama, kumbe kinatembea, akazishuku hisi, kisha akaishuku na akili, kwa karibu miezi miwili. Mwenyewe alisema kilichomtoa si hoja, ni nuru aliyotiwa kifuani na Mungu. Wabishi wangu hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba mwendo wa kivuli aliujua kwa kukitazama tena baada ya saa.

Kuna na jambo jingine linaloninyima raha zaidi ya falsafa. Kiharusi kikipiga nyuma ya ubongo pande zote mbili, mtu anaweza kupofuka kabisa na akaapa kwamba anaona. Akijigonga mlangoni, atasema taa hafifu. Tunaiita dalili ya Anton. Kwake kilichoharibika ni kuona pamoja na kile ambacho kingemwambia haoni. Nikiulizwa najuaje kwamba sisi sote hatuko hivyo, kwa uhakika kamili, sina jibu.

Ukitaka kuiita hiyo imani, chukua. Lakini basi ni ya kila mtu, hata ya anayesoma msahafu au Biblia kwa macho hayo hayo, na haimpi mmoja ushindi juu ya mwingine. Nasema hivi kwa sababu sentensi hii nyuma yake huwa na chupa: matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho. "Wewe una imani na upasuaji, mimi na dawa yangu." Hapana, mzee wangu. Ubao wa herufi E uko pale ukutani. Tusome leo kabla hujafungua chupa, tusome tena ukiimaliza, na mjukuu wako ndiye aandike majibu.