Asilimia Mbili Haijengi Rampu

Zahanati ilikuwa mpya, hata harufu ya rangi haijaisha. Msingi wake umeinuka sentimita 45 kutoka ardhini, na pembeni mwa ngazi palikuwa na rampu, yaani mteremko wa zege, ambao kwenye taarifa ya mradi umeandikwa "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu". Nilichomoa futikamba nikaupima. Urefu wake mita moja na nusu. Mama mmoja aliyefika na kiti mwendo alipandishwa na vijana wawili, mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Wakati wa kushuka walimgeuza kinyumenyume asije akamwagika kifudifudi. Choo hakuweza kabisa kukitumia, kwa sababu mlango una upana wa sentimita 70 na kiti kiligota kwenye fremu.

"Lakini rampu si ipo?" akauliza mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi. Aliuliza kwa nia njema kabisa.

Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo sentimita 45 zinataka mita 5.4, tena na mikono ya kushikilia pande zote mbili na eneo bapa mlangoni la kugeuzia kiti, kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Ile niliyoipima ilikuwa ukuta uliolazwa kidogo. Fundi hakuwa mzembe. Kwenye mchanganuo wa gharama rampu haikuwa na mstari wake, ikajengwa kwa mabaki ya saruji ya ngazi.

Hapo ndipo kazi yetu sisi tunaofundisha masuala ya bajeti za serikali za mitaa inapoanzia. Sheria Tanzania tunazo. Nchi iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike. Sensa ya 2022 ikaonyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wa umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu, yaani karibu mmoja katika kila tisa. Kinachokosekana ni kifungu chenye fedha.

Ukimgusia diwani suala hili, mara nyingi atakujibu: "Nyie si mna asilimia mbili yenu?" Jibu hili limezima hoja nyingi, kwa hiyo tulichambue. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kupisha marekebisho ya utaratibu, ikarejea 2024. Ni jambo jema, na anayestahili aombe. Lakini mkopo ni deni. Kikundi kinachofuga kuku kitaurudisha kwa mayai na nyama. Rampu ya zahanati itarudishwa na nani? Na mkalimani wa lugha ya alama katika mkutano mkuu wa kijiji, marejesho ya fedha zake yatatoka wapi? Ufikivu ni huduma ya umma kama taa za barabarani, nao unapaswa kulipiwa kutoka kwenye fedha za maendeleo na za matumizi ya kawaida, nje kabisa ya ile asilimia mbili.

Niliwahi kupitia kitabu cha bajeti cha halmashauri moja nikitafuta neno "ulemavu". Nililipata mara moja tu: fulana na chakula cha maadhimisho ya tarehe 3 Desemba. Sina ugomvi na fulana, lakini mwaka una siku nyingine 364.

Sasa, lini na wapi? Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wengi hujitokeza na barua zao Aprili, wakisikia Bunge la bajeti limeanza, ilhali wakati huo halmashauri ilishafunga hesabu zake zamani. Vipaumbele huibuliwa kwenye mikutano ya vijiji na mitaa miezi ile ya mwishomwisho wa mwaka, vikapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha, na mwanzoni mwa mwaka Baraza la Madiwani. Anayetaka rampu ya mwakani aisemee Oktoba, chini ya mwembe, muhtasari ukiandikwa. Kabla hujaondoka hakikisha mtendaji ameiandika, na akiisoma usikie neno lako. Kisha mfuate afisa mipango. Kwa uzoefu wangu huyu ana nguvu kuliko watu wanavyodhani, maana ndiye anayeingiza mistari kwenye mfumo wa bajeti.

Na ombi liwe na sura ya bajeti. "Tunaomba mtukumbuke" haliingii popote. "Kuongeza rampu ya zahanati ya kijiji kutoka mita 1.5 hadi 5.4, kuweka mikono ya chuma, na kupanua mlango wa choo kutoka sentimita 70 hadi 90" linaingia, hasa likiambatana na makadirio ya mhandisi wa halmashauri. Mwombeni mhandisi huyo aje mwenyewe aone. Vivyo hivyo kwa mengine yasiyoonekana kirahisi: idadi ya siku za mkalimani, losheni ya kukinga jua kwa wenye ualbino, fimbo nyeupe kwa wasioona.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu vilevile. Sheria ya 2010 inataka serikali za mitaa ziwe na kumbukumbu za watu wenye ulemavu katika maeneo yao, lakini mengi ya madaftari hayo yana majina ya wanaoonekana barabarani tu. Mtoto kiziwi aliyefungiwa nyumbani hayumo. Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji ikishirikiana na afisa ustawi wa jamii inaweza kulijaza nyumba kwa nyumba. Mbele ya Kamati ya Fedha, orodha yenye majina 43 hupewa uzito kuliko hotuba ya saa nzima.

Bajeti ikishapita, msilale. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu. Ulizeni mstari wenu umefikia wapi, kwa jina lake na kiasi chake. Fedha za mapato ya ndani huja kidogokidogo, na mstari usioulizwa ndio wa kwanza kuhamishiwa mafuta ya gari.

Ile zahanati nimepita tena. Rampu sasa inaanzia karibu na mti wa mwarobaini, inapita sambamba na ukuta mpaka mlangoni, na fundi bado analalamika kwamba imekula saruji. Yule mama anapanda mwenyewe, taratibu, akipumzika mara moja. Mlango wa choo bado ni sentimita 70. Umo kwenye muhtasari wa Oktoba.