Je, wajua kwa nini mhadhiri wa uhasibu huulizwa habari za mkaa?

Chuo kikuu kikiamua kwamba kila mhitimu wake aelewe uendelevu, yaani kutumia mali asili bila kuwamalizia watakaokuja, wazo la kwanza kikaoni huwa kuanzisha kozi mpya ya lazima. Huonekana jepesi mpaka mtu ashike kalamu. Nchini Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kozi ya krediti 8 basi inakula saa 80, na saa hizo sharti zichotwe kwenye kozi ya mtu mwingine, maana mwaka haurefuki. Hapo ndipo vikao vya idara huanza kuchacha. Hata seneti ikikubali, matokeo yake mara nyingi ni mhadhiri mmoja mbele ya ukumbi uliofurika, na madaftari yanayofungwa siku ya mtihani.

Njia nyingine ni kuuingiza uendelevu ndani ya kozi zilizopo: uhasibu, takwimu, uuguzi, fasihi, sheria. Ugumu wake hauko kwa wanafunzi. Uko kwa wahadhiri, ambao wengi wao hawakufundishwa jambo hilo walipokuwa wanafunzi. Viongozi 22 wa vyuo vikuu waliliona hilo walipokutana Talloires, Ufaransa, Oktoba 1990. Azimio lao lina hatua 10, na mojawapo ni kuwajengea wahadhiri uwezo wa kufundisha mambo ya mazingira kwa wanafunzi wa fani zote.

Azimio ni karatasi. Namna ya kulitekeleza ilionekana vizuri zaidi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northern Arizona, kilichoanzisha Mradi wa Ponderosa katikati ya miaka ya 1990. Kisha Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kikaiga na kuanzisha Mradi wa Piedmont mwaka 2001. Tazama majina yenyewe: ponderosa ni msonobari uliotanda kuzunguka chuo cha kwanza, na Piedmont ni ukanda wa vilima ambamo chuo cha pili kimejengwa. Kazi inaanzia pale watu walipo. Kwetu mradi kama huo ungeweza kuitwa Miombo au Mikoko.

Kiini chake ni warsha ya siku 2, muhula ukishafungwa na mitihani ikishasahihishwa, ya watu 15 hadi 20 kutoka idara tofauti. Haitwi bingwa wa mazingira aje kuwahubiria. Mwanabiolojia anaeleza anachokijua kuhusu msitu, mwanauchumi anaeleza kwa nini bei haiuoni msitu huo, na wote hutoka nje kuutembelea. Sababu ni hii: mhadhiri aliyefundisha kozi moja miaka kumi hapendi kuambiwa aifundisheje, ila swali la mwenzake wa fani nyingine humkaa kichwani. Baada ya hapo kila mmoja huenda likizo na kozi yake, akaiandika upya. Posho ni vyema ilipwe muhtasari mpya wa kozi ukishapokewa. Ikilipwa kwa kusaini mahudhurio, utapata saini nyingi na kozi chache.

Namna ya kuandika upya ndiyo penye utamu. Usiongeze mada, badilisha mfano. Katika uhasibu wa gharama mwanafunzi hukokotoa gharama ya kutengeneza viti au sare. Mpe gunia la mkaa la kilo 50. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 tu ya kuni kavu zilizoingia, kwa hiyo gunia hilo limekula kilo 250 hadi 500 za kuni. Mwanafunzi ataandika malipo ya mchomaji, gunia tupu, usafiri na ushuru. Kisha mwulize: mti uko mstari gani? Pale ulipokatwa bure haumo kabisa, na darasa litagundua kwamba hesabu inaweza kufunga sawasawa huku ikificha gharama iliyobebwa na mtu mwingine. Dhana za kozi hazikupungua hata moja. Mhadhiri wa takwimu naye anaweza kutuma vikundi vipime kwa mizani mabaki ya kantini kwa siku 10, wapate wastani na mtawanyiko kutoka kwenye ndoo za wali badala ya jedwali la kubuni.

Yanayoharibika yanajulikana. La kwanza ni kuweka uendelevu wiki ya mwisho ya muhula, wiki ambayo migomo, sikukuu na majaribio yaliyochelewa huimeza. Weka mfano wiki ya 3 au ya 4, urudi tena baadaye. La pili ni kumwaga habari za maangamizi: barafu inayeyuka, bahari inapanda, kisha kengele inalia. Mwanafunzi hutoka amevunjika moyo na hajui hatua yoyote. Kila tatizo liende na hesabu ya suluhisho moja, mfano ule ule wa mkaa ukilinganishwa na gesi kwa bei za sokoni za wiki hiyo.

La tatu ndilo linaloua miradi mingi, na ni mtihani. Karatasi za miaka iliyopita huzunguka mabwenini, na wanafunzi huzisoma kuliko muhtasari wowote wa kozi. Wasipoona swali la aina hiyo humo, watalala siku ya mkaa. Swali liwe sehemu A, ile isiyo na hiari ya kuchagua.