Mpango wa ADHD wa sekondari haumfuati mtoto chuoni

Wazazi wengi walioko Marekani wanaamini mtoto mwenye ADHD (hali inayomfanya mtu apate shida kutulia na kuzingatia) akishapewa mpango wa msaada sekondari, basi chuo kitaupokea na kuuendeleza chenyewe. Inaeleweka kabisa, maana kule shule ndo ilikuwa inaita wazazi na kuandika kila kitu.

Chuoni mambo yanageuka. Sheria ya elimu maalumu inaishia sekondari, zinabaki zile sheria za kuzuia ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu, ya 1973 na ya 1990, na hapo mwanafunzi mwenyewe ndo anatakiwa aende ofisi ya huduma za wenye ulemavu, apeleke ripoti ya daktari, aombe. Na ndo pagumu kweli, kwa sababu kujaza fomu na kukumbuka tarehe ndo vitu vyenyewe vinavyomshinda mtu wa ADHD! Akikubaliwa anaweza kupata mfano muda wa ziada, mtihani wa saa 2 akafanya kwa saa 3, ila maswali ni yaleyale.

Kuhakikisha fungua tovuti ya chuo, tafuta ukurasa wa ofisi hiyo, soma wanataka ripoti ya aina gani, halafu kaa na mtoto ajaze fomu ukiwa pembeni kabla muhula haujaanza.